Ekari Zako Zikikataliwa kwenye Orodha ya Mbolea

Mkulima wa Tarasaa anayefika kuulizia mbolea ya ruzuku na kuambiwa kwamba jina lake halimo, au limo lakini ekari zake nne zimeandikwa moja, kwa kawaida hupewa sababu moja tu: sistemu imekataa. Huaga, akarudi nyumbani, akalima bila mbolea au akanunua mifuko miwili dukani kwa bei ya soko. Nawaandikia wakulima wa namna hiyo, wa Tarasaa, Ngao, Oda, Golbanti, Wema, Hewani na kwingineko katika eneo la Garsen, kwenye delta ya Mto Tana nchini Kenya, niwaombe wasiage mapema hivyo. Kompyuta haijawahi kutembea shambani kwako. Kuna mtu aliyeandika ekari moja kwenye fomu, na mtu mwingine akaiingiza kwenye simu au tarakilishi, na yaliyoandikwa na watu husahihishwa na watu, alimradi uombe kwa njia inayowalazimu wakujibu.

Tukumbushane kwanza namna mpango unavyokwenda. Septemba 2022 serikali ya taifa ilishusha bei ya mfuko wa kilo 50 hadi shilingi 3,500, wakati ambapo madukani mfuko ulikuwa umeshapita shilingi 6,000. Mwaka uliofuata ikashusha tena hadi shilingi 2,500. Ili kupata bei hiyo mkulima sharti awe katika sajili ya kitaifa ya wakulima, ile ambayo maafisa huiita KIAMIS. Usajili ulipitia kwa machifu na manaibu wao, wakishika jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, mahali, mazao na ukubwa wa shamba. Msimu ukifika, ujumbe huingia katika simu iliyoandikishwa, na mifuko unayoruhusiwa hufuata ekari ulizoandikiwa. Ukiandikiwa ekari moja, utapata ya ekari moja, hata kama kila mtu kijijini anajua unalima nne.

Kuna wanaosema mkulima wa kando ya Tana hahitaji mbolea ya dukani kwa sababu mto humletea. Ilikuwa kweli zaidi zamani. Bwawa la Masinga lilikamilika mwaka 1981, Kiambere 1988, na yamo mengine kati yake. Mabwawa hayo hunasa tope na kubadili nyakati za maji kufurika, kwa hiyo matope yaliyokuwa yakirutubisha mashamba ya babu zetu hayashuki kama yalivyoshuka. Kisha huja mafuriko makubwa kama ya mwisho wa 2023 na yale ya Aprili na Mei 2024, ambayo badala ya kuacha rutuba huacha mchanga, au huondoka na shamba zima. Mkulima wa huku ana haja ya mbolea sawa na mwenzake wa Trans Nzoia, na kodi anayolipa kwenye sukari na muda wa maongezi wa simu ndiyo hiyo hiyo inayogharimia ruzuku.

Sasa niseme jambo ambalo naliona kubwa kuliko yote katika makala haya. Ukienda kulalamika, usikubali swali la kilimo ligeuzwe kuwa swali la umiliki. Sajili ya wakulima inataka kujua nani analima, wapi, kiasi gani na zao gani. Ardhi ni ya nani ni swali jingine, lenye ofisi nyingine, sheria nyingine, na katika delta hii lenye makaburi yake. Mapigano yaliyoanza Agosti 2012 na kuendelea hadi Januari 2013 yaliua zaidi ya watu 100 katika Tana Delta, Wapokomo wakulima na Waorma wafugaji, na mzizi wake mmojawapo ulikuwa ardhi na njia za kufikia maji. Mtu anayekwenda ofisini kudai mifuko minane ya mbolea na kujikuta anaapa mbele ya afisa kwamba eneo lote kutoka mtoni hadi barabarani ni mali ya ukoo wake, amejiingiza katika kesi ambayo hakuifuata, na pengine amewaingiza na wengine.

Eleza kwa hiyo unacholima. Sema: mimi nalima mpunga kwenye kipande hiki tangu mwaka fulani, ukubwa wake ni huu, majirani zangu wa mipaka ni hawa. Ukiulizwa hati miliki, jibu kwa upole kwamba ardhi ya huku nyingi haijasajiliwa, na kwamba Katiba katika Kifungu 61 inatambua aina tatu za ardhi, yaani ya umma, ya jamii na ya kibinafsi. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inasema ardhi ya jamii ambayo haijasajiliwa hushikwa na serikali ya kaunti kwa amana ya jamii hiyo. Kukosa hati hakumaanishi kuwa unalima kwa wizi. Mwenye hati atoe nakala, ni ushahidi mzuri. Asiye nayo ana ushahidi wa aina nyingine, na nitaufikia.

Kabla ya kuandika neno lolote, jua hasa umekataliwa nini. Watu wengi huja na lalamiko moja kubwa, “tumenyimwa,” na ndani yake mna mambo manne tofauti ambayo kila moja lina dawa yake. Pengine hukusajiliwa kabisa kwa sababu siku ya usajili ulikuwa umehamia kwenye kambi ya mafuriko. Hiyo si rufaa, ni usajili mpya, na unaanza kwa naibu wa chifu. Pengine umesajiliwa lakini simu iliyoandikwa ni ya mwanao aliyeko Malindi, na ujumbe unaingia kwake. Hilo ni sahihisho la namba, na hakikisha laini mpya imesajiliwa kwa kitambulisho chako mwenyewe. Pengine ekari ni pungufu. Au pengine afisa amekwambia waziwazi kwamba kipande chako hakihesabiwi kwa sababu kiko katika ardhi ya TARDA, mamlaka ya maendeleo ya mito ya Tana na Athi, au kwenye malisho, au ndani ya eneo la hifadhi. Hili la nne ndilo zito.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuomba kuona ulichoandikiwa. Una haki hiyo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa kila mtu haki ya kuona habari zake zinazoshikwa na ofisi yoyote, na haki ya kutaka zilizo za uongo au za kupotosha zirekebishwe. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 nayo inaitaka ofisi ya umma ijibu ombi ndani ya siku 21. Ombi linaweza kuandikwa kwa Kiswahili, na kuliwasilisha hakutozwi ada. Asiyejua kusoma na kuandika, sheria hiyo inamtaka afisa amwandikie ombi lake na kumpa nakala. Nayasisitiza haya kwa sababu wazee wetu wengi hurudishwa mlangoni kwa kuambiwa walete barua ya Kiingereza. Hakuna sheria inayosema hivyo.

Ukishaona rekodi, nenda ukapime shamba. Hapa ndipo rufaa nyingi hushinda au kushindwa, na kwa bahati mbaya ndipo watu wanapoharakisha. Ekari moja ni mita za mraba 4,047. Kwa miguu, ni mraba wa karibu mita 64 kila upande, au hatua ndefu 70 kwa 70. Kama shamba lako ni jembamba na refu, likianzia ukingoni mwa mto na kuingia ndani, mtu aliyesimama upande mmoja huona wembamba tu. Chukua kipande chenye mita 40 mbele na mita 250 kwenda ndani. Aliyekiona kutoka kwenye njia ataandika nusu ekari, labda ekari moja akiwa mkarimu. Kwa hesabu ni mita za mraba 10,000, yaani hekta moja, ambayo ni karibu ekari mbili na nusu. Na kosa jingine la mara kwa mara ni hilo hilo la hekta na ekari: mkulima anasema mbili akimaanisha hekta, karani anaandika mbili kwenye safu ya ekari, na zaidi ya nusu ya shamba imepotea bila mtu kuwa na nia mbaya.

Kijana yeyote mwenye simu ya kisasa anaweza kukusaidia. Zipo programu za bure za kupima eneo, unatembea ukizunguka mpaka na simu mkononi, mwisho inakupa ukubwa na ramani. Tembea ukiwa na majirani wa mipakani. Wakishaona unapita pale wanapopakubali wao pia, waombe waandike majina yao na kutia sahihi au dole gumba kwenye karatasi yenye mchoro. Karatasi hiyo ina nguvu kuliko watu wengi wanavyodhani, maana inajibu swali ambalo afisa analiogopa kuliko yote: je, nikiandika ekari hizi, kesho atakuja mwingine kunilalamikia? Piga picha za mimea ikiwa shambani, hasa mpunga ukiwa umesimama au mahindi yakiwa na mbelewele, na uache simu iandike tarehe na mahali. Picha ya shamba tupu haithibitishi kitu.

Ongezea ulicho nacho nyumbani. Risiti za mbegu, daftari la chama cha ushirika, karatasi ya kuuza maembe au pojo kwa mnunuzi, ripoti ya hasara ya mafuriko ambayo afisa wa kilimo alikuandikia, barua ya mzee wa kijiji. Kwa Wapokomo, neno la wazee wa Gasa, baraza lao la jadi, kuhusu nani amekuwa akilima kipande gani lina uzito wake, nalo likiandikwa na kutiwa sahihi huwa ushahidi kama ushahidi mwingine. Kama jambo lina utata, apa hati ya kiapo mbele ya kamishna wa viapo. Ila usiape lisilokuwa kweli. Kiapo cha uongo ni kosa la jinai, na ekari mbili za ziada haziwezi kulipa gharama yake.

Hapo nataka kusimama kidogo. Wapo wanaoshauriana kuongeza ekari, eti kwa kuwa serikali itapunguza tu. Huo ni ushauri mbaya. Afisa akija na kifaa cha kupimia akakuta ekari mbili pale ulipodai tano, hatakuamini tena hata kwa zile mbili, na atawaangalia kwa jicho hilo hilo majirani waliosema kweli. Dai unacholima, mpaka kwenye robo ekari.

Barua yenyewe isiwe ndefu. Iandikwe kwa afisa wa kilimo wa Kaunti Ndogo ya Tana Delta, nakala kwa chifu wa eneo lako na kwa naibu kamishna wa kaunti. Maneno yanaweza kuwa haya:

“Mimi ni mkulima wa kijiji hiki, kata hii, wadi hii, mwenye kitambulisho namba hii na simu namba hii. Katika sajili ya wakulima nimeandikiwa ekari moja ya mpunga. Ninalima ekari tatu na nusu tangu mwaka 2009, kama inavyoonyeshwa na mchoro, picha na sahihi za majirani wanne nilizoambatanisha. Naomba rekodi yangu irekebishwe kabla ya msimu wa masika. Kama ombi hili litakataliwa, naomba nipewe sababu kwa maandishi, kwa mujibu wa Kifungu 47 cha Katiba na Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015.”

Sentensi ya mwisho ndiyo nanga ya barua nzima. Kifungu 47 kinampa kila mtu haki ya kutendewa na ofisi ya umma kwa haraka, kwa kufuata sheria na kwa utaratibu wa haki, na akiathiriwa na uamuzi, kupewa sababu kwa maandishi. Sheria ya 2015 inaipa ofisi miezi mitatu kutoa sababu hizo. Ikinyamaza, uamuzi wake huchukuliwa kuwa haukuwa na sababu njema, hadi ithibitishe vinginevyo. Hivyo usihangaike kutafuta fomu yenye kichwa “Rufaa.” Haki yako ya kupinga uamuzi imo tayari kwenye sheria, na barua ya ukurasa mmoja inatosha kuianzisha.

Peleka nakala mbili. Moja ibaki ofisini, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa na uandikiwe tarehe, uende nayo. Kama hakuna muhuri, aliyeipokea aandike jina lake na tarehe. Bila hilo, miezi miwili baadaye utaambiwa barua haikufika, na hutakuwa na la kusema. Umuhimu wa karatasi ulionekana wazi mwaka 2024, pale ilipogundulika kwamba baadhi ya mifuko iliyouzwa kupitia maghala ya NCPB, bodi ya taifa ya nafaka, kama mbolea ya ruzuku haikuwa na ubora, na serikali ikaahidi kuwafidia wakulima. Aliyekuwa kwenye kumbukumbu za mauzo na risiti mkononi alikuwa na pa kuanzia. Aliyenunua kupitia jina la mwingine hakuwa na pa kusimama. Weka kila kitu katika mfuko mmoja wa plastiki, juu ya dari, mahali ambapo maji ya mto hayafiki.

Sasa lile zito la kuambiwa ardhi yenyewe haifai. Tana Delta ina historia yake hapa, na inafaa uijue kabla ya kuingia ofisini. TARDA ina mradi wa mpunga Gamba na maeneo jirani ambao mitaro na kingo zake ziliharibiwa vibaya na mvua za El Niño za 1997 na 1998. Baadaye ikaja mipango ya kupanda miwa, na wakazi wakaenda Mahakama Kuu. Februari 2013 Jaji Mumbi Ngugi aliamua kwamba matumizi ya ardhi ya delta lazima yapangwe kwa kuwashirikisha wakazi wenyewe. Delta ilikuwa imeshatangazwa mwaka 2012 kuwa eneo la ardhioevu la kimataifa chini ya mkataba wa Ramsar, hekta 163,600. Mwaka 2015 ukazinduliwa mpango wa matumizi ya ardhi, unaoonyesha wapi pa kulima, wapi pa kulisha na wapi pa kupitisha mifugo.

Mpango huo ndio wa kuutazama kwanza ukiambiwa shamba lako haliruhusiwi. Omba afisa akuonyeshe kwenye ramani. Usikubali kuambiwa kwa mdomo kwamba “pale ni pa TARDA” au “pale ni malisho,” maana mipaka hiyo imeandikwa, na aliyekataa lazima aweze kunyoosha kidole. Mara nyingi utakuta shamba limekatwa na mstari: ekari mbili ziko upande wa kilimo, moja iko nje. Basi rufaa yako iwe ya zile mbili. Ofisi ikizikataa zote tatu kwa sababu ya ile moja, imekosea, na hapo una hoja nzuri.

Lakini kama kipande chako kimekaa juu ya malka, njia ya ng’ombe kwenda majini, nakushauri usikipiganie. Nasema hivi nikijua kwamba baadhi yenu hamtapenda. Malka iliyofungwa na shamba la mpunga ndiyo iliyotufikisha mazikoni, na muhuri wa mbolea juu ya shamba la namna hiyo utachukuliwa na mfugaji kuwa serikali imemfungia maji. Zungumza na kamati ya ardhi ya kijiji upatiwe kipande kingine, kisha usajili hicho. Na mfugaji anayesoma haya, wewe pia una haki ya kusajiliwa kama unalima kunde au mahindi kando ya boma lako. Sajili haiulizi kabila.

Kuna kundi linaloumia kimyakimya kuliko wote, nao ni wajane. Shamba liliandikwa kwa jina la marehemu, simu ilikuwa ya marehemu, na ujumbe wa mbolea unaingia kwenye laini iliyozikwa naye au iliyochukuliwa na shemeji. Mama, nenda na cheti cha kifo, kitambulisho chako na barua ya chifu inayosema wewe ndiye unayelima. Omba rekodi ya marehemu ifungwe na yako ifunguliwe. Ukiambiwa usubiri mirathi, jibu kwamba mirathi inahusu nani atarithi, na itafuata njia yake mahakamani. Wewe unaomba kuandikwa kuwa mkulima wa msimu huu, na jembe unalo wewe.

Waliohamishwa na mto nao wana lao. Mto Tana hubadili njia, na kila mwenye miaka hamsini huku anajua mahali palipokuwa na shamba ambapo leo pana maji, au palipokuwa na maji ambapo leo pana vumbi. Kama shamba ulilosajili limeliwa na mto au kufunikwa na mchanga, na sasa unalima juu zaidi, usiendelee kutumia ekari za zamani kana kwamba bado zipo. Omba zifutwe na mpya ziandikwe, katika barua moja. Ukifanya hivyo mwenyewe kabla ya kuulizwa, afisa atakuona mtu wa kweli na atakusikiliza kwa mengine.

Kama eneo lako limetangazwa rasmi kuwa la upimaji na ugawaji wa ardhi, jihadhari usichanganye mambo mawili. Chini ya Sheria ya Uamuzi wa Ardhi, Sura ya 284, una siku 60 za kupinga baada ya daftari la ardhi kutangazwa kuwa tayari kukaguliwa, na siku 60 nyingine za kukata rufaa kwa Waziri baada ya pingamizi lako kuamuliwa. Siku hizo zikipita zimepita. Barua yako kwa afisa wa kilimo kuhusu mbolea haisimamishi saa hiyo hata kidogo. Wapo waliojishughulisha na mifuko msimu mzima na kusahau kwamba daftari la ardhi yenyewe lilikuwa wazi kwenye ofisi ya pili.

Unaweza kuuliza kwa nini tuhangaike na karatasi zote hizi wakati ekari zetu ni chache. Hata kwingine ruzuku hufuata kilichoandikwa. Tanzania, tangu mpango mpya wa ruzuku ya mbolea uanze msimu wa 2022/23, mkulima huandikishwa kijijini kwake, kwa mtendaji wa kijiji, na ndipo makosa yanapoanzia na yanapoweza kusahihishwa. Ulaya, ambako wakulima hulipwa ruzuku kwa hekta, serikali hupima kila kipande kwa picha za setilaiti, na kuna wakulima wanaoandika rufaa kwa sababu picha imehesabu kichaka mahali wao wanapolisha kondoo. Wanashinda kwa kuleta vipimo, picha na tarehe. Hawana elimu ya siri. Wanajua tu kwamba aliyepima kwa mbali anaweza kurekebishwa na aliyepima kwa karibu.

Barua ikikaa bila jibu, usirudi kila wiki kuuliza. Nenda mara moja baada ya siku 21 ukiwa na nakala yako yenye muhuri. Baada ya hapo panda ngazi. Kama umenyimwa kuona rekodi yako, au ofisi imekaa kimya, au imekutendea isivyo haki, lalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo Wakenya wengi huijua kwa jina la Ombudsman. Ina ofisi Mombasa, na kulalamika kwake ni bure. Kwa kunyimwa habari, peleka lalamiko ndani ya siku 30 tangu ulipokataliwa. Kama tatizo ni rekodi ya uongo ambayo ofisi inakataa kuirekebisha, kuna Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, ambayo hupokea malalamiko hata ya mdomo na hutakiwa kuyamaliza ndani ya siku 90. Kama kuna aliyekuomba kitu kidogo ili akuongezee ekari, hilo ni la Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, yenye ofisi Malindi. Usilipe. Ekari zilizonunuliwa hivyo hufutwa na mwingine kwa njia hiyo hiyo.

Mahakama Kuu ina kituo Garsen, karibu kuliko watu wengi wa pwani walivyojaliwa. Hata hivyo sheria inataka umalize kwanza njia za ofisini kabla ya kumwendea jaji, na kwa mtu mmoja mwenye ekari mbili gharama zitazidi mbolea. Naona mahakama inafaa pale kijiji kizima kimefutwa kwenye orodha kwa sababu moja isiyo ya kisheria, kwa mfano kwamba hakuna mwenye hati miliki. Hapo mwombe wakili wa msaada wa kisheria, na nendeni kama kundi mkiwa na zile barua zilizogongwa mihuri.

Kuhusu kundi, hili. Ombi moja lenye sahihi 80 hupokelewa kwa heshima na kuwekwa kwenye faili ambayo haifunguliwi, kwa kuwa hakuna afisa anayejua aanze na nani. Kila mkulima aandike barua yake, yenye ekari zake na majirani zake. Kisha mzipeleke pamoja siku moja, mkiongozana na mwakilishi wa kijiji, na mwombe kwamba afisa wa kilimo aje kwenye baraza la chifu akasome orodha kwa sauti, jina na ekari. Makosa mengi hufa hapo hapo barazani, kwa sababu anayelima ekari tatu yupo, jirani yake yupo, na aliyeandikiwa ekari kumi asizo nazo naye yupo.

Masika huanza Machi. Barua inayoandikwa siku ujumbe wa mbolea unapoingia kwenye simu za wengine imechelewa kwa msimu huo. Andika Januari, wakati maji yamepungua na shamba linatembeleka, upime, upige picha za kilichobaki shambani, upeleke barua. Usipojibiwa kwa msimu huu, barua hiyo hiyo itakuwa ya kwanza mezani kwa vuli. Na ukienda kupima, mchukue jirani yako wa mpakani hata kama hamsalimiani, mpime lake pia siku hiyo hiyo.